Mandolini Hufuata Koo

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Sina sababu ya maana, ila nikikaa bure mikono inaniwasha. Daftari ni lile la vipimo vya wateja wangu wa cherehani. Nimeligeuza nikaanzia nyuma, kwa hiyo anayetafuta kiuno cha mtu asije akapotelea huku.

Asubuhi nilikuwa kwa Dada kama Jumapili zote. Mandolini yangu ni chombo kidogo cha nyuzi nane za chuma zinazokaa mbili mbili, na haijawahi kukazwa kwa kufuata mashine ya kupimia sauti. Mama, aliyetufundisha sote wawili, alituachia kanuni: chombo hufuata koo, koo halifuati chombo. Dada akishaosha uso, kabla ya chai, hutoa sauti moja tu, "aaa", ile inayotoka yenyewe bila kulazimishwa, nami hukaza uzi wa juu mpaka ulingane nayo. Nyuzi nyingine zinaufuata huo. Sauti yake haijayumba tangu tukiwa wasichana, kwa hiyo kazi yangu huwa ni kugusagusa tu.

Leo ilibidi nilegeze, tena nyuzi zote. Nikasema ni mvua, mbao ikinywa unyevu huvimba na kuvuta nyuzi. Dada akasema ndiyo, ni mvua.

Binti wa kaka yetu anaolewa mwanzoni mwa Mei. Ametaka sisi shangazi zake tumwimbie wimbo wa bibi yake. Dada alikubali kabla mtoto wa watu hajamaliza sentensi.

Jumatano, 5 Machi

Sketi za shule, sketi za shule. Sindano imenidondoka nikaitafuta kila mahali, mwisho nikaipata kwa kuikalia.

Jumapili, 9 Machi

Sauti ya Dada imeshuka tena. Nilijifanya sijali. Dada ni mwalimu wa watoto wadogo, na msimu huu anashindana na mvua inayopiga bati la darasa. Koo lolote lingechoka. Nilimwambia anywe maji ya moto, akaniambia na mimi niache kuvaa viatu vya wazi kwenye matope. Tukawa sawa.

Nilipokuwa nakaza nyuzi alikuwa anaangalia mikono yangu badala ya kufuatilia sauti. Akauliza kama vyuma haviniumizi. Nikamjibu kwamba vidole vyangu vimeota ngozi ngumu kabla hajapata mume, na kwamba mwenye kuumizwa na nyuzi akacheze ngoma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekata kola ya kushoto mara mbili. Sasa shati lina kola mbili za kushoto na mwenyewe anakuja kesho.

Jumapili, 16 Machi

Nitaandika kwa urefu, maana mtu wa kumwambia simwoni.

Sauti ya Dada leo imetoka chini kabisa. Nilipoifuata, nyuzi zililegea hadi zikaanza kugonga vile vichuma vya shingoni na kukwaruza kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mandolini ilitengenezwa kwa nyuzi zilizokazwa barabara. Ukizilegeza hivyo, chombo kinakuwa kama mtu aliyevaa suruali bila mkanda: yupo, lakini hasimami vizuri.

Dada akaimba wimbo mzima kule chini bila kulalamika. Mimi nilicheza huku nikimsikia Mama katika sauti ile.

Mama alianza hivihivi. Sauti ilishuka kidogo kidogo, sisi tukacheka tukamwita "Baba". Naye alicheka. Halafu akaanza kujifunga kitambaa shingoni, halafu akawa anakunywa uji tu, halafu akawa anaandika kwenye kipande cha karatasi anachotaka. Daktari alituuliza kwa nini tumechelewa, nami nikapiga kelele. Tangu tumzike, mimi na Dada tumezungumza kila kitu chini ya jua isipokuwa hicho.

Mficha maradhi kilio humfichua. Namjua dada yangu. Akivunjika mguu atasema ameuchoka tu. Kama ameona dalili, mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye angemwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga kelele kule hospitali siku ile.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa muuza nyuzi. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia mmoja lazima atoke ili mwingine afungue pochi. Nilimwambia nataka nyuzi nene za mandolini, zile ambazo hata zikishushwa sana zinabaki zimekaza.

Alinitazama juu ya miwani. Akanieleza kama anamweleza mtoto: uzi mwembamba unakaa juu, uzi mnene unakaa chini, na mnene ukiuvuta ukaze unakuwa mgumu kubonyeza, kwa hiyo nisije kulalamika vidole. Pia itabidi achonge upya mifereji midogo ambamo nyuzi zinapita pale juu ya shingo, maana ile ya zamani ni ya nyuzi nyembamba. Akauliza kwa nini mwimbaji asipande yeye. Akachomoa pakiti ya nyuzi za nailoni na kunionyesha vile vigitaa vyake vidogo vya nyuzi nne vilivyoning'inia ukutani. Ukulele, akasema, laini kama nini, hata mtoto wa chekechea anabonyeza.

Nilimwambia hicho ni kidude cha kuchezea na mimi sijaja kutafuta zawadi ya mtoto. Halafu, sijui ilikuwaje, nikamwambia kuhusu sauti ya Dada. Yeye ndiye mtu wa kwanza. Aliacha utani palepale, akachonga mifereji polepole, na nilipokuwa natoka akasema mara moja tu kwamba nyuzi si dawa, nimpeleke mgonjwa kwa daktari.

Jumapili, 23 Machi

Nyuzi mpya. Sauti nzito, nzuri, yenye kifua. Mwili wa chombo unatetemeka mpaka tumboni mwangu. Lakini ni ngumu kama waya wa kuanikia nguo, na mbao zimevimba kwa mvua zikainua nyuzi juu, kwa hiyo kila kubonyeza ni kushindana mieleka. Nilitabasamu mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi hadi kiwikoni nikautikisa chini ya meza.

Baada ya chai Dada akatoa sauti tena, eti aijaribu, na ikashuka zaidi ya asubuhi. Nililegeza. Kisha nikaenda msalani nikafungua bomba, nikalia.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Bati. Mvua.

Jumapili, 30 Machi

Leo Dada amejifunga mtandio shingoni. Nusura nimvue kwa nguvu. Akasema kuna baridi, na kweli kulikuwa na baridi, lakini mimi baridi hiyo sikuiona.

Kinachonitisha zaidi ni upole wake. Huyu ni mtu ambaye alinifanya nioshe vyombo utoto wangu wote. Sasa ananipokea mkoba mlangoni. Anamimina chai yeye. Nikishika birika ananinyang'anya. Leo amenimenyea chungwa, mimi mtu mzima mwenye mume na mashine mbili za kushonea. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Kwani mtu haruhusiwi kumpenda mdogo wake?" Watu wanaoaga huwa na maneno kama hayo.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mume wangu aliuliza nimekasirikia nini, nikamwambia chungwa. Akaona busara kwenda kutazama kama gari limefungwa milango.

Jumapili, 6 Aprili

Dada amekata ubeti wa tatu wa wimbo. Ndio wenye mishiko migumu zaidi ya vidole kwenye mandolini, na ndio unaopanda juu zaidi. Anasema ni mrefu mno, wageni watataka kula. Ubeti wa tatu ndio Mama aliokuwa akiupenda. Nikajua kwamba haufikii tena.

Sikubishana, jambo ambalo si kawaida yangu, akaniangalia kwa wasiwasi. Kisha kikombe kikaniponyoka kikavunjika. Nikasema mkono una maji. Dada akainama kuokota vigae, akasema bila kunitazama, "Kiberiti, kuna kitu nataka tuzungumze." Kiberiti ni mimi, kwa sababu ya hasira. Nikaanza kusimulia habari ya shati la kola mbili za kushoto, nikaisimulia kwa urefu isiostahili, mpaka wakati wa kuondoka ukafika. Mimi niliyekuwa nangoja aseme ndiye niliyemzuia kusema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilipeleka sare shuleni kwake. Kabla sijafika getini nilimsikia akiwaita watoto watoke kwenye dimbwi. Sauti ilikata mvua na uwanja wote, ile sauti yake yenyewe, kali na safi. Nilisimama na mfuko wangu kichwani nikanyeshewa.

Anajikaza mbele ya watoto. Anaitumia yote huko, halafu Jumapili hana kitu. Nimefikiri hivyo njia nzima, na sijapata fikra nyingine.

Jumapili, 13 Aprili

Bibi harusi alikuja kutusikiliza. Alikaa kwenye mkeka, simu kando, akatega sikio kwa adabu. Tulipomaliza akakunja ncha ya mkeka. Kisha akasema, "Shangazi, samahani. Mbona wimbo umezama hivi? Kama wanaume wanaobeba jeneza."

Mimi na Dada tulimrukia kwa pamoja. Mimi nikasema ndivyo unavyotakiwa uwe, Dada naye akasema ndiyo mtindo wa sasa. Maskini akaomba radhi kwa wimbo wa harusi yake mwenyewe. Alipoondoka hatukutazamana.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeamua. Nimepanga miadi ya daktari wa koo wiki ijayo. Kwa kuwa Dada hawezi kwenda kwa ajili yake mwenyewe, nimemdanganya: nimesema mimi ndiye sijisikii vizuri na naogopa kwenda peke yangu.

Nilijiandaa kwa maswali, nimetunga hadi kikohozi. Hakuuliza hata moja. Alifumba macho kidogo kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akasema ataomba ruhusa shuleni. Uwongo wangu umekubalika kirahisi mno.

Jumapili, 20 Aprili

Hatukupiga. Dada alisema mikono ipumzike. Nikasikia "koo lipumzike", maana ndilo nililokuwa nataka kusikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudi hospitali. Nimevua viatu, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Acha niandike kwa utaratibu nisije nikaruka.

Tulikaa kwenye benchi la korido pamoja na watu wengine waliolowa. Dada alinishika mkono, huu wa kushoto, akaushikilia mapajani mwake muda wote. Nikawaza: ananiaga. Nikabana meno.

Tulipoingia, daktari akauliza mgonjwa ni nani. Mimi nikamnyooshea kidole Dada. Dada akaninyooshea mimi. Daktari akaweka kalamu chini.

Nikasema yote kwa mkupuo: kwamba huyu ni mwalimu, kwamba sauti inashuka tangu mvua zianze, kwamba mama yetu alikufa kwa koo na sisi tulichelewa, na kwamba sitachelewa tena hata kama itabidi nimfunge kamba. Daktari akammulika Dada kooni, akambinyabinya shingo, akaingiza kitu kama mrija wenye taa. Akasema haoni chochote. Koo safi. Akamwomba atoe sauti anayoitoa bila kujilazimisha.

Dada akaimba, "Aaa."

Ilitoka juu, pale pale ilipokuwa miaka yote. Nesi alichungulia mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua.

"Hiyo ni sauti ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu."

"Na ile ya Jumapili?"

"Ile nilikuwa nakupa wewe."

Akanieleza, na kila neno lilikuwa kofi. Tangu kabla ya mvua aliniona nikimaliza kupiga natikisa mkono chini ya meza. Aliniona nashindwa kifungo, naangusha sindano, nashika kikombe kwa mikono miwili. Akajua nikiambiwa nitawaka. Basi akafikiri: chombo hufuata koo, nikishuka kidogo nyuzi zitalegea na mkono wake utapata nafuu. Akashuka. Halafu mimi nikaja na nyuzi nene. Mkono ukaumia zaidi, naye akaona, akashuka tena.

"Kila nikikulegezea, wewe unakaza," alisema. "Nikadhani unashindana na mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kukwambia wewe? Wewe ukiambiwa unaungua, unauliza nani kawasha."

Ubeti wa tatu aliukata kwa ajili ya vidole vyangu. Chungwa alilimenya kwa sababu aliona siwezi. Na mtandio ulikuwa ni baridi tu.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ulidhani mimi nakufa?"

Nikasema ndiyo. Tukaanza kulia wote wawili kama watoto walionyimwa, na daktari akatusogezea tishu. Dada ndiye aliyeacha kwanza. Akajipangusa, akasema, "Nyani haoni kundule. Hebu mwonyeshe daktari huo mkono."

Nilisema hauna kitu, ni uchovu wa cherehani. Daktari akauweka juu ya meza, kiganja juu, akaniambia nifumbe macho nimwambie kila nikihisi anachoma. Nilifumba. Nikangoja. Nikamwambia aanze. Akasema ameshamaliza: kidole gumba na viwili vinavyofuata.

Nilipofumbua macho niliona alama ndogo nyekundu kwenye ncha zote tatu. Mimi ni mshonaji. Nachomwa na sindano kila siku ya Mungu, na sikumbuki mara ya mwisho ilipouma.

Anasema kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na umebanwa kwa muda mrefu. Amenifunga gango la kushikilia kifundo, amenipa barua ya kwenda kwa bingwa wa mifupa na mishipa, pengine nitapasuliwa. Kuhusu nyuzi za chuma alisema sasa hivi hapana, na baadaye hajui. Nilimtaka aseme anajua. Hakusema.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilikuwa natafuta kaburi kwenye koo la dada yangu wakati mkono wangu mwenyewe unazima. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mume wangu amechukua mkasi mkubwa akakata kitambaa cha mteja akifuata chaki yangu. Amekata vizuri. Hilo nalo limeniudhi.

Jumapili, 27 Aprili

Tulijaribu kurudi juu. Nyuzi nene haziwezi, zingekatika au kupinda shingo ya chombo. Dada alishauri aimbe peke yake bila chombo. Alisema kwa wema. Nilitoka nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kile chumba chembamba cha muuza nyuzi, ambaye hufungua hata Jumapili kwa sababu anaishi nyuma yake.

Nilimwambia, "Nipe kidude cha watoto."

Alikuwa na kila haki ya kucheka. Badala yake alishusha ukulele tatu akanipa moja moja nizipime uzito. Tukachagua nyuzi. Nailoni laini kupita kiasi zinayumba ukizigusa kwa nguvu, na mimi nina mkono wa kulia wa fujo. Ngumu kidogo zinakaa juu alipo Dada bila kupiga kelele. Tukachukua za katikati. Halafu akanionyesha jambo ambalo kwa kiburi changu sikuwahi kulijua. Ukilegeza uzi mmoja tu, ule wa mwisho, nyuzi zote nne zinapatana zenyewe. Unapiga bila kubonyeza chochote na wimbo unakubali. Ukitaka kuhama, unalaza kidole kimoja kukatisha zote.

"Kidole hicho unacho?" aliuliza.

Ninacho cha pete. Hicho bado kinahisi.

Jumamosi, 3 Mei

Tumeimba. Ubeti wa tatu pia. Dada alipanda mpaka watu wakaacha sahani. Mimi nilikosea mara moja, nilichelewa kuhamisha kidole, naye akaishikilia sauti hadi nikafika. Bibi harusi alilia, akaharibu wanja, akatulaumu sisi.

Nilipiga kwa kidole kimoja kwenye kidude cha watoto mbele ya ukoo mzima. Niliona aibu mwanzoni. Halafu niliona furaha, na nilistaajabu jinsi ilivyokuwa kubwa.

Jumanne, 13 Mei

Bingwa ameniona. Nitapasuliwa mwezi ujao. Maumivu yataondoka, anasema. Hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Barabara zimeanza kutoa vumbi na watu wameanza kulilalamikia.

Dada ameomba nimfundishe mandolini. Nimerudisha nyuzi nyembamba. Anabonyeza kama anayebandika stempu, kidole cha pili kimelala, kifundo kimepinda, na sauti inayotoka haisemeki. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nikaufunga.

Mwishowe nilinyoosha mkono kumweka vizuri vidole, nikashika mkono wake. Nikagundua kwamba siwezi kujua kama ni wa moto au wa baridi. Nilikaa nimeushika tu. Zamani ningekisia. Ningesema moyoni, huyu anatetemeka, huyu ana homa, huyu ananificha kitu, na ningekwenda kununua nyuzi.

"Una baridi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Kidogo."

Nikainuka nikafunga dirisha.